Nafasi ya Lamduan

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi Wandee, ambaye kiwandani aliitwa Pu, yaani kaa wa majini, alitia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo. Akavaa vazi jeupe lililombakiza macho tu, akasimama kwenye upepo wa kufukuza vumbi, akaenda kuketi kituo namba kumi na nne. Kazi yake ilikuwa kupima diski za kompyuta mpakato. Diski ilikuwa ndogo kama kiganja, na kila mwaka ilimeza zaidi: gigabaiti themanini, mia moja na sitini, mia tatu na ishirini, mia tano. Mikono iliyozipima ilikuwa ile ile.

Diski ya kwanza asubuhi hiyo ilikuwa na lebo ya mia tano. Kipimo kikasema mia sita na arobaini. Pu akaipima tena, akapata vile vile, akainua mkono kumwita mhandisi.

Mhandisi Thaweesak alitazama kioo cha mashine akasema hizo mia moja na arobaini zilizozidi hazikuwa tupu. Wakazifungua. Ndani alikuwamo Lamduan: wimbo aliozoea kuuimba midomo imefumba kazini, namna alivyotwanga papai bichi kwa pilipili tisa hata ukimwomba tatu, kicheko chake cha machoni. Mwisho kabisa yalikuwamo maji, na ngazi, na mashine ya kupimia aliyokuwa ameikumbatia.

"Huyu si alikuwa akikaa kushoto kwako?" Thaweesak akauliza.

"Ndiye."

"Haya, ifute. Zamu inachelewa."

"Futa wewe," Pu akasema. "Kidole changu hakitaki."

Thaweesak akabonyeza mwenyewe, kisha akaiagiza mashine iwe inafuta bila kusubiri kidole cha mtu.

Ajabu haikuwa Lamduan kurudi. Ajabu ni alivyoondoka. Mwaka uliotangulia, maji yalishuka kutoka kaskazini kuelekea Ayutthaya, kilipokuwa kiwanda, polepole, wiki nzima kila mtu akiyaona yanakuja. Jumamosi kiwanda kikatangaza kimefungwa, kisha kikawapigia simu watu arobaini waje kupandisha mashine ghorofani. Saa tisa alasiri tuta la udongo lililozuia maji likabomoka. Thelathini na tisa walitolewa kwa mitumbwi.

Barua ya kampuni ilieleza kwamba siku hiyo kiwanda kilikuwa kimefungwa, hivyo hapakuwa na zamu, hivyo Lamduan hakuwa kazini. Huenda alikuwa ameenda kuvua. Lamduan hakujua kuogelea wala kushika ndoano. Samaki alinunua sokoni kama watu wote.

Maji yalipokauka, kitu cha kwanza kujengwa upya kilikuwa kijumba cha mzimu wa ardhi pale getini, kikubwa kuliko cha zamani. Mabosi walipiga magoti na ubani, wakapanga chupa za soda nyekundu zenye mirija, wakauomba mzimu radhi kwa yaliyotokea. Cha pili kilikuwa bamba la marumaru: Tuliyashinda mafuriko bila kumpoteza hata mtu mmoja. Mama Bunma, mama yake Lamduan, alikuja kwa basi kutoka Khon Kaen akalisoma mara mbili. Aliomba jambo moja tu, waandike kwamba mwanawe alikuwa kazini. Wakampa soda.

Kadiri mashine ilivyomfuta, Lamduan alirudi na ziada. Kesho yake mia saba, keshokutwa mia nane na ishirini, na mwezi ulipokwisha, elfu moja. Kampuni ikachapa lebo mpya, wanunuzi wakafurahi. Pu alipokwenda kwao siku tano za mwaka mpya na kituo chake kikakaliwa na mwingine, diski zilirudi mia tano pale pale. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumtishia kumfukuza kazi, hata alipoanza kuwa na mdomo.

Asubuhi moja alitia sahihi yake, na chini yake akaandika kwa kalamu ya wino, kwa kuwa penseli huleta vumbi na zimepigwa marufuku: Lamduan Chaiyasit. Jumamosi ya mafuriko. Alikuwa kazini.

Siku hiyo kila diski ilipima mia tano kamili, na ndani hamkuwa na mtu. Thaweesak alikagua nyaya saa nzima, kisha akaenda mlangoni akaiona karatasi. Hakuwa mjinga. Akaichana. Kabla ya chakula cha mchana diski zilikuwa elfu moja tena, na Lamduan anaimba wimbo wake.

Meneja Wirote alimwita Pu ofisini, akamkalisha kwenye kiti laini, akaagiza chai ya barafu ya wote wawili.

"Mwanangu, unataka nini hasa?"

"Jina lake liandikwe kwenye daftari la siku ile, bosi. Na mama yake apewe nakala."

"Maji yakimwagika hayazoleki, Pu."

"Hayakumwagika, bosi. Tuta lilibomoka."

Meneja akakoroga chai. "Tukiliandika, diski zinarudi mia tano. Wenzetu ng'ambo ya barabara wamefika mia saba na hamsini."

"Basi na wao watafute wa kumzamisha."

Meneja hakukasirika. Alimaliza chai yake, akamwambia arudi kazini.

Kuanzia hapo Pu aliandika majina mawili kila asubuhi. Wiki ya pili, mwanamke wa kituo cha kumi na tano naye akaandika mawili. Mvua zilipoanza, wote thelathini na tisa waliotoka kwa mitumbwi walikuwa wakimwandika Lamduan, kila mmoja kwa mwandiko wake. Kampuni ikamwajiri karani wa kukaa mlangoni na kuchana karatasi. Alikuwa mtu wa adabu. Aliwaomba tu wasibonyeze kalamu sana, maana jina lilikuwa linatokea kwenye karatasi ya chini.

Mama Bunma alikuja tena mwezi wa nane. Alipita mbele ya bamba la marumaru, lililokuwa limetoka kung'arishwa, akapanga foleni pamoja na wafanyakazi. Zamu yake ilipofika akaandika jina la mwanawe taratibu, herufi moja moja, kama alivyoliandika siku ya kumpeleka shule. Karani alimsubiri amalize.

Ndani, Pu akapima diski ya kwanza. Mia tano. Akapima ya pili. Mia tano. Ya tatu ikasema elfu moja, naye akajua karatasi imeshachanwa. Akaiweka kwenye sanduku pamoja na nyingine. Jioni, akielekea kituo cha basi na Mama Bunma, alisimama dukani akanunua kalamu mbili.