Solo Iliyomeza Ubeti

Kinyozi ndiye aliyekuwa mpiga gitaa la solo wa bendi ya mtaa. Zamani alikuwa akipanda na kushuka skeli tu, do-re-mi ile ile, kama mtu anayefagia ngazi. Baadaye akajifunza kusikiliza kodi, lile fungu la sauti zinazopigwa pamoja nyuma yake, kuokota sauti zilizomo ndani yake na kutua juu ya mojawapo kila kodi inapobadilika. Solo zake zikaanza kuimbika.

Mama yake mdogo alikuwa anastaafu kazi ya kufua mashuka hospitalini. Kwenye sherehe ya kumuaga aliomba aimbe wimbo mmoja: ubeti wa kwanza, solo fupi, kisha ubeti aliotunga mwenyewe kuwashukuru wenzake wa chumba cha kufulia, kila mtu kwa jina lake.

"Usije ukanimezea ubeti wangu," alimtania kwenye mazoezi.

"Aa, mama! Mimi tena?"

Siku yenyewe solo ilimnogea kinyozi. Kila kodi ilipogeuka, kidole kiliikuta sauti yake. Ukumbi ukalipuka vigelegele. Akafumba macho, akaizungusha solo tena, na tena. Mama mdogo alisogeza kipaza sauti, akavuta pumzi, gitaa likamfunika. Akajaribu tena, likamfunika tena. Mtu akacheka. Mpiga besi alimpiga kinyozi kumbo, wapi! Alipofumbua macho, mshereheshaji alikuwa anawakaribisha wageni chakula, na mama mdogo anashuka jukwaani akijilazimisha kutabasamu.

Watu wakaja kumpongeza. Kila mkono aliopewa ulimchoma. Alimkuta mama mdogo nje, ameketi kwenye ngazi, viatu amevivua.

"Mama, nisamehe. Nilijisahau."

"Hukujisahau, mwanangu. Umetusahau sisi."



Jumatatu kinyozi alimbembeleza mpaka wakaenda na gitaa chumba cha kufulia, saa ya mapumziko. Wenzake mama mdogo wawili, waliokuwepo kwenye sherehe, walikuwa wameshahamishiwa zamu nyingine. Mama mdogo aliimba hivyo hivyo, mashine zikinguruma. Ilipofika nafasi ya solo, kinyozi aliinama akaishikilia kodi tu.

"Piga basi," mama mdogo akamwambia.

Akapiga sauti chache, akanyamaza. Ubeti ukaingia. Mfuaji mmoja akajifuta machozi kwa ncha ya shuka. Mama mdogo alipofika kwenye majina ya wale wawili waliohamishwa, aliwataja vilevile, akiyatazama makabati yao yaliyofungwa. Kinyozi akabaki anaangalia nyuzi, uso unamwaka.