Taa ya Stoo Ilipojizima

Wifi yangu alipoteuliwa kuwa mhandisi wa nishati wa jengo letu la serikali, nilijua tumekwisha. Nyumbani kwake hata birika la umeme lina ratiba, na kaka yangu, mumewe, ananyoa ndevu kwa mwanga wa dirishani. Haikupita muda watu wa ofisini wakambatiza Mama Zima. Nilicheka nao, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu sehemu yangu ya kazi ni masijala, na masijala yetu iko chini ya ardhi.

Chumba hicho cha mafaili jua halijawahi kukitia mguu. Msimu wa baridi ukifika, unaandika jina la mtu huku herufi zinatetemeka kama za mtoto wa chekechea. Zamani tulikuwa na hita za umeme chini ya meza. Wifi akazikusanya zote. Akaziba kwa mpira kila upenyo wa madirisha, hata vidirisha vyetu vya chini ya dari, ili joto lisitoroke, akaweka milango inayojifunga yenyewe na taa zenye jicho: ukisogea zinawaka, ukitulia kwa muda zinajizima. Ghorofa za juu walimsifu, maana kule jua linaingia na linabaki. Sisi alituzibia na baridi yetu ndani.

"Joto la sakafu yenu liko awamu ya pili, wifi," aliniambia nilipomlalamikia. "Vumilia kidogo."

"Na hiyo awamu ya pili itanikuta hai?"

Alicheka. Mimi sikuwa natania. Juu kwake alikuwa na skrini inayomwonyesha umeme wa kila ghorofa, na ukichomeka kitu tu anakupigia simu kabla hakijapata moto. Waraka nao ukatoka: atakayekutwa na kifaa chochote cha kupasha joto, ajihesabu hana kazi.

Lakini mkaa hausomwi na mita. Wazo hilo lilikuwa la mwenzangu wa masijala, mwanamke mdogo kwangu, ambaye kwa jinsi tumbo lilivyomtangulia tulimwita Mama Kijacho. Baridi ya sakafu ilikuwa imemvimbisha miguu mpaka akawa anavaa viatu vya mumewe. Alileta jiko dogo ndani ya ndoo ya deki, limefunikwa tambara, tukawa tunaliwashia nyuma ya jengo na likishakolea tunaliingiza. Sote tumekulia kwenye majiko. Nani hajui kwamba mkaa haulaliwi nao chumba kimoja? Tulijua. Ila tulijiambia kwamba sisi hatulali, tuko kazini, na mlango unafunguliwa na kufungwa kutwa nzima. Tukajiona wajanja kweli.

Siku wakaguzi walipokuja kutazama kama jengo letu linafaa kutangazwa la mfano, tuliambiwa wataishia ghorofa za juu. Kumbe wapi! Dada wa mapokezi alipiga simu akinong'ona: "Mama Zima anashuka nao. Wako kwenye ngazi."

Jiko lilikuwa jekundu kama kidonda. Tungelimwagia maji, chumba kizima kingejaa mvuke na harufu. Tukalisukumia stoo, chumba cha mafaili ya zamani kisicho na dirisha hata moja, chenye kioo kidogo tu juu ya mlango. Lazima mtu abaki nalo, cheche isije ikarukia karatasi.

"Nitakaa nalo mimi," alisema Mama Kijacho. "Kule kuna kiti. Wewe ni wifi yake, mzungushe maneno."

"Hutapata shida humo?"

"Dada, ni muda wa kupiga chafya tu. Wakitoka, nigongee."

Nikamfungia kwa ufunguo na kuutumbukiza kifuani.

Wifi aliingia na wakaguzi wawili, mwanamume mwenye koti refu na mama mmoja wa makamo. Mama yule alivua glavu, akagusa ukuta.

"Mbona kuna vuguvugu?" aliuliza.

Nikajua tumekamatwa. Lakini wifi aling'aa uso. "Ndiyo hiyo kazi ya kuziba madirisha," alisema. "Hapa hakuna hita hata moja. Muulizeni mheshimiwa karani."

"Hakuna hata moja," nilisema. Hilo halikuwa uongo.

Yule wa koti refu akaelekeza kidole stoo. "Na mlango ule?"

"Mafaili ya zamani. Ufunguo umepotea, tunautafuta."

Wifi alinitupia jicho la nyumbani, lile la kusema tutaonana. Nilidhani sasa watatoka. Hawakutoka. Walipima dirisha moja baada ya jingine, wakauliza unene wa mpira, wifi akajibu kwa raha zote. Nyuma ya mlango nilisikia kikohozi, nikakohoa na mimi juu yake. Nikasikia kiti kikikwaruza sakafu. Kisha kitu kizito, kwa sauti ndogo, kama mtu ameweka chini furushi la nguo.

Niliogopa, na niseme ukweli, bado niliiogopa ile barua ya kufukuzwa. Nilijipa moyo kwamba amekaa vizuri, amepumzisha miguu. Nikasubiri kikohozi kingine. Hakikuja.

Ndipo taa ya stoo ikajizima.

"Tazameni!" Wifi aliwaonyesha kile kioo juu ya mlango, kilichokuwa na mwanga na sasa cheusi. "Jicho limeona hakuna mtu, taa imejizima. Hakuna umeme unaopotea bure."

Mama Kijacho hakuwa mtu wa kutulia. Alikuwa anatikisa mguu akiandika, anatikisa mguu akila, na hata akisinzia mezani mguu haukomi. Nilikitazama kile kioo nikimwomba atikise mguu mara moja tu, taa iwake. Kilibaki cheusi.

"Yumo mtu," nilisema.

"Nini?"

"Yumo mtu mle ndani! Yuko na jiko la mkaa!"

Ufunguo uliniponyoka mara mbili. Wifi alinipokonya, akafungua. Tulipoingia taa iliwaka yenyewe, na tukamwona amelala ubavu kati ya rafu, kiatu kimoja cha mumewe kimemtoka. Jiko lilikuwa limetulia pembeni, halina moshi hata kidogo.

"Madirisha!" wifi alipiga kelele. "Fungueni madirisha!"

"Hayafunguki!" alijibu yule wa koti refu, akiuvuta ule mpira kwa kucha.

Wifi akamwinamia Mama Kijacho. Alimshika kwapani, mimi miguuni, tukapanda naye ngazi tukigonga kuta, yule mama mkaguzi akitushikia milango inayong'ang'ania kujifunga. Tulimlaza uani, upepo ukitukata. Wifi alivua koti lake akamfunika, akampiga piga mashavu, akamwita mwanangu, mdogo wangu, mama, kila jina lililomjia. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nikisema samahani, nisijue namwambia nani.

Akavuta pumzi kwa sauti mbaya, akatapika, akafungua macho. Macho hayakunitafuta mimi. Yalitua kwenye kitambulisho kinachoning'inia shingoni mwa wifi.

"Hatujawasha kitu, bosi," alisema, maneno yakigongana mdomoni. "Naomba usiniandikie barua."

Wifi yangu alimsogelea zaidi. Aliushika mkono wa yule binti. Mkono wake mwingine ukashuka tumboni, ukabaki pale umefunguka.

"Sikuandikii," alisema. "Sikuandikii kitu, mdogo wangu. Niambie tu, mtoto amecheza lini mara ya mwisho?"

Mama Kijacho alifikiri kwa shida.

"Kabla hamjashuka," alisema.

Wifi hakuuondoa mkono. Yule wa koti refu alikuwa anaelekeza gari la wagonjwa kwa simu, akirudia jina la barabara yetu, na sisi tuliobaki tulikuwa tunautazama ule mkono, tukisubiri usukumwe.