Mlango Uliokuja na Kifaru

Jumamosi ile zamu ya kufagia mtaa ilikuwa ya Rosel Pfleiderer. Kibao cha zamu kilining'inia mlangoni pake, maana kila wiki huhama nyumba hadi nyumba, na kwetu Swabia, kusini mwa Ujerumani, asiyefagia husemwa mpaka kaburini. Alikuwa amefika ngazi ya mwisho pale kifaru cha mumewe, aliyepotea vitani, kilipokata kona ya kinyozi.

Kilikuwa njiani miaka kumi na minne kutoka mashariki, polepole, kwa kuwa mafuta yalikwisha zamani.

Basi furaha ilioje! Wazee wa kikosi cha vifaru, ambao kila Jumamosi hukaa meza ileile ya baa, walitoka mbio na bia mkononi. Kapteni Zeller, anayeandika historia ya kikosi, alilia hadharani. Tarumbeta zikaletwa. Rosel akausahau ufagio.

Gotthilf akachomoza juu, kijana vilevile kama alivyoondoka.

"Umezeeka," alimwambia mkewe.

"Na wewe umechelewa. Shuka, dengu zinapoa."

Mbele ya kifaru ulikuwa umenasa mlango wa buluu, pamoja na fremu na kizingiti chake. Na kwa miguu, akifuata alama za minyororo ya kifaru, alikuja bibi mmoja wa Ukraine, Paraska, ufunguo shingoni. Alisema kwa lugha yake, sote tukaelewa. Akaufungua mlango. Ndani kulikuwa na chuma tu.

"Wajukuu wangu walikuwa nyumbani," akasema. "Dereva aniambie, aliwaona au hakuwaona? Nikishaambiwa narudi kwetu."

Tarumbeta zikanyamaza.

"Kijiji kilikuwa kitupu, mama," Kapteni akajibu kwa upole. "Hata kwenye historia tumeandika hivyo."

Rosel akamtazama mumewe. Gotthilf akatazama buti zake.

"Kapteni anakumbuka vizuri," alisema.

Tangu uchumba Rosel alimjua: akidanganya, masikio humwiva. Sasa yalikuwa nyanya. Lakini miaka kumi na minne amelala peke yake, jamani.

"Ingia ule," akamwambia mumewe, kisha akaanza kufagia tope la kifaru. Ndani ya tope hilo mlikuwa na soksi ya mtoto, ya sufu. Akaizoa pamoja na mengine, akafagia hadi mferejini, akapeleka kibao kwa jirani.

Tarumbeta zililia hadi jioni. Kifaru kipo palepale, watoto wanakichezea. Paraska naye ameketi kizingitini kwake, anangoja jibu. Tumemzoea. Kila Jumamosi mwenye zamu humwomba ainue miguu kidogo, naye huinua.