Ukuta wa Nyasi

Majirani walimwita Bibi Samadi kwa kuwa hakutia kitu kingine shambani. Asubuhi hiyo alirudi kutoka kuchota maji, akamkuta mke wa mwanawe kasimama juu ya shamba lake la ngazi mlimani, jembe begani, uso umemnawiri.

"Nimekusafishia, mama. Yale magugu ya ukingoni yalikuwa yanatia aibu."

Bibi akatua ndoo. Kingo za ngazi mbili za juu zilikuwa upara mtupu. Nyasi zile alizipanda mwenyewe, kichaka kwa kichaka, zizuie udongo usiteremke na mvua. Mkwe, aliyekulia tambarare, alikuwa kazing'oa na mizizi yake na kuzichoma. Moshi ulikuwa bado unafuka. Na kule kileleni, wingu lilishaanza kujikusanya.

Maneno yalimfika bibi ulimini, akayameza. Mtu kaolewa juzi tu.

"Kazi umefanya, mwanangu. Ila huo ulikuwa ukuta wa shamba. Mvua ikitukuta hivi, samadi yangu ya miaka yote inakwenda bondeni."

Mkwe akanyong'onyea. Akatazama juu, msitu ulikoanzia. "Kule nyasi zimejaa tele. Nikachukue?"

"Msitu hatuugusi. Maji yetu yanatoka chini ya mizizi ile. Tuzibe hapa tukatoboe kule?"

Wakateremka kwa shemeji yake bibi, mwenye shamba la chini. Huyu zamani alimcheka bibi kwamba kwa nyasi zile anafuga panya, mpaka mvua ilipomzoa maharage yake, akaja mwenyewe kuomba nyasi.

"Acheni uje huo udongo," alisema akicheka walipomweleza. "Shemeji kaulisha samadi, mimi nivune tu."

"Na kisimani huko bondeni utachota nini, uji?" bibi akamjibu.

Mkwe akasogea mbele. "Baba mdogo, kosa ni langu. Naomba nyasi."

Mzee akaacha mzaha. "Chimba. Lakini kila kichaka kipasue, nusu uniachie. La sivyo kesho mimi ndiye nitakuja kuomba kwenu."

Wakapasua, wakabeba, wakapanda kwa konzi za samadi, wakishindilia kwa visigino. Matone ya kwanza yalidondoka kipande kimoja kikiwa bado wazi. Bibi akakilazia mabua ya mahindi, mkwe akayapigilia vijiti, wakakimbilia ndani wameloa chapachapa.

Kesho yake wakaenda kisimani. Shemeji alikuwa keshafika.

"Nimeungoja udongo wangu," akasema.

Mkwe akachota kwa kata, akayatazama maji. Meupe, hayana tope. "Leo umekosa, baba mdogo."

Walipopanda shambani, wakakuta nyuma ya mabua udongo umejilundika, umekwama pale pale. Mkwe akainama ukingoni, akashika jani moja geni lililoota kati ya nyasi, akasita.

"Na hili, mama?"

Bibi akalitazama. "Hilo ng'oa."