Mstari Uliomfuata Shangazi Nyumbani

Asubuhi, kabla ukumbi haujafunguliwa, fundi alifuta vumbi kwenye skrini kubwa kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha akamsaidia mfagiaji kupanga mabenchi. Mfagiaji aliweka mto kutoka nyumbani kwake kwenye benchi la mbele, kwa ajili ya mzee mmoja aliyesumbuliwa na kiuno. Hakuna aliyemwagiza. Milango ilipofunguliwa, ndugu wa watu walioungua katika kiwanda cha magodoro waliingia, wakakaa, wakaikodolea macho skrini.

Kazi ya ofisi ile ilikuwa kuwatambua marehemu. Moto haukubakiza sura ya mtu. Ulibakiza mifupa, nayo ilitiwa kwenye masanduku. Kila ndugu alikuwa ametoa mate kwenye kijiti cha pamba, na kompyuta kubwa iliyokuwa chumba cha nyuma ndiyo ya kulinganisha mate ya kila mmoja na mifupa ya kila sanduku. Ni hesabu ndefu, ya miezi. Mpaka iishe, hakuna aliyeruhusiwa kuzika.

Fundi yeye alitengeneza mistari. Kila familia ilikuwa na mstari wake kwenye skrini, unaojaa kidogo kidogo kutoka kushoto kwenda kulia, ili watu waone hesabu yao imefika wapi. Mkuu wa ofisi alikuwa bado hajampa ukubwa wa kazi yote. Alimwambia kwa sasa mistari aisukume kwa kufuata mwendo wa saa tu, mambo mengine yatakuja. Basi ikawa mistari inatembea bila kujua mwisho wake uko wapi.

Mwanzoni yote ilikuwa ya kijivu. Watu walichanganya wa kwao na wa jirani, wakawa wanagombana, na fundi hakupenda kuona wafiwa wakigombana. Akaandika programu upya ili kila mtu achague mwenyewe rangi, unene na maneno ya pembeni.

"Mimi nitilie mwekundu," alisema mzee wa kiuno. "Mke wangu alipenda kuonekana."

"Na maneno, babu?"

"Andika: 'Tulia, nakuja.'"

"Anayekuja ni nani sasa, wewe au yeye?" alimtania mama mmoja wa benchi la nyuma.

"Yeyote atakayewahi."

Walicheka kidogo.

Shangazi yake fundi alikuwa miongoni mwao. Mwanawe wa pekee, waliyemwita Mrefu, alikuwa akikata sponji kiwandani. Shangazi alichagua njano, rangi ya koti la mvua la Mrefu. Maneno hakuyataka.

"Wewe niambie tu nitamzika lini, mwanangu."

"Mstari ukijaa, shangazi."

Juma lililofuata mstari wa njano ulifika ukingoni mwa skrini ukatokeza nje. Ulishuka ukutani, upana wa kiganja, ukapita chini ya mabenchi, ukatoka mlangoni. Mfagiaji aliusugua, na ulipokataa kutoka akawa anadeki pembeni yake. Baadaye ya wengine nayo ikafuata. Ilishika barabara, kisha mmoja mmoja ukachepuka kwenye kichochoro chake kuelekea kwa wenyewe. Watu waliizoea upesi. Wasukuma mikokoteni walinyanyua magurudumu walipoivuka, na muuza mkaa alisogeza magunia yake ili ule mwekundu wa mzee usichafuke.

Mkuu alifurahi sana. Watu walianza kungojea nyumbani, ukumbi ukawa mtupu, kelele zikaisha. Akamsifu fundi mbele ya wageni.

Mstari wa njano uliingia kwa Shangazi kupitia mlango wa mbele ukaenda moja kwa moja chumbani kwa Mrefu. Kitanda chake kilikuwa kimeunganishwa na kigoda upande wa miguuni, maana miguu ilizidi. Kila asubuhi Shangazi aliufuta mstari kwa kitambaa laini. Alikuwa ameshapiga pasi shuka jeupe la kumzikia mwanawe, akalikunja na kuliweka juu ya mto.

"Mstari ukigusa kitanda, nitaitwa," alimwambia fundi alipokuja kumsalimu.

Ulikuwa umebakiza shubiri moja.

Kesho yake fundi aliingia chumba cha nyuma kuangalia hesabu imebaki kiasi gani. Masanduku yalipangwa mpaka darini, utepe wake wa gundi haujabanduliwa. Vijiti vya pamba vilikuwa bado ndani ya vifuko vyake. Kompyuta kubwa bado ilikuwa imevikwa nailoni.

Mkuu hakuwa mtu mkali. Fundi alipomwendea kumuuliza, alimvutia kiti.

"Wakubwa wamesema isiwashwe kwanza," alisema. "Mtu akitambuliwa, ina maana alikuwa ndani. Wakishakuwa ndani, watu watauliza ni nani aliyefunga milango kwa nje."

"Kwanza mpaka lini, bosi?"

"Kwanza," alisema Mkuu, akammiminia chai.

Jioni ile fundi alipita nyumba hadi nyumba kuwaambia. Hakuna aliyempigia kelele. Mzee alimshukuru kwa kujisumbua, akamwomba, kama haitamchosha, aunenepeshe mstari wake kidogo kwa sababu macho yanafifia.

Kwa Shangazi alifika mwisho.

"Mashine haijawashwa, shangazi. Haikuwashwa hata siku moja. Mstari unasukumwa na saa tu."

Shangazi alikunja kitambaa chake. "Wewe umekula?"

"Naweza kuufuta. Au niuamuru uishe, uandike kwamba kazi imekamilika."

"Ukiisha, watanipa mwanangu?"

"Hawatakupa."

"Na ukiufuta?"

"Hapo pia hawatakupa."

"Uache basi. Hakuna kitu kingine kinachokuja kwangu." Akamkatia mkate, akampa kipande kikubwa.

Mstari uligusa kitanda siku ya Jumamosi, mchana. Shangazi alikuwa amevaa nguo yake nzuri na viatu. Alikaa kwenye kigoda akingoja kuitwa, fundi akakaa naye. Hakuna aliyekuja. Kabla jua halijashuka mstari ulipita uvunguni, ukatokea upande wa pili, ukaelekea kwenye kabati la nguo lililoziba mlango wa nyuma.

"Nishikie upande huo," alisema Shangazi.

Walisukuma kabati pamoja, wakafungua mlango. Nje kulikuwa na uwanja mtupu wa vumbi na vipande vya chupa. Upande ule hakukuwa na ofisi, wala makaburi. Mstari ulivuka kizingiti ukaendelea.

Shangazi alivua viatu vizuri, akachukua ufagio, akatangulia mbele yake akiufagilia njia.