Msiba wa Kila Jumanne

Theluji barabarani: hakuna. Mwaka ule wa 1967 maneno hayo niliyaandika mara nyingi kuliko jina langu.

Fomu zilitoka kwa wafadhili wa ng'ambo waliotuletea Land Rover moja, vizuizi viwili vya barabarani na masanduku matatu ya makaratasi, ili polisi wa South Nyanza wapunguze ajali. Mimi Javan, raia nisiye na magwanda wala kirungu, niliajiriwa Homa Bay kuusimamia mpango wao. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha askari wanasimama kwenye vizuizi, magari yanapimwa breki, na fomu zinafika Nairobi kabla ya tarehe tano. Mwezi mmoja tuliuacha mstari wa theluji wazi, na fomu zote zikarudishwa na barua ya kutukumbusha umuhimu wa ukamilifu. Nilikaa siku mbili nikiandika "hakuna" mpaka kidole kikavimba. Theluji, Uriri! Kwetu hata mvua ya mawe husimuliwa mwaka mzima.

Yote hayo niliyavumilia kwa sababu ya mama. Mama yangu, Rispa, aliishi Uriri, na kila Jumanne alipanda juu ya magunia kwenye lori la Nicanor kwenda kuuza njugu soko la Migori. Lori lile nililijua. Utingo wake alisafiri akiwa amening'inia nyuma na kabari ya mti mkononi. Likisimama kwenye mlima, yeye huruka chini akaiweka kabari chini ya gurudumu kabla lori halijaanza kurudi nyuma. Yaani breki ya gari ni mtu anayekimbia. Na ukishatoka Uriri kuna mteremko mrefu mpaka mtoni.

Nilimsihi mama aache kulipanda. Akaniambia sawa, nimletee la kwangu. Basi nilipopewa vizuizi viwili, cha kwanza nilikiweka Uriri, pale pale juu ya mteremko. Nikajiambia sasa Nicanor atapimwa breki apende asipende, lori lizuiwe, na mama ashuke akiwa mzima.

Miezi mitatu ikapita, lori la Nicanor halikupimwa hata mara moja.

Kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya magari yaliyoachiliwa bila kupimwa, na sababu. Msimamizi wa kizuizi cha Uriri alikuwa Sajenti Mirumbe, Mkuria wa kule mpakani, mtu wa dini na mwenye mwandiko wa kupendeza. Kwa mwandiko huo wa kupendeza alikuwa amejaza: Msiba. Msiba. Msiba. Mwezi wa Agosti peke yake ilikuwa misiba arobaini na mmoja. Nairobi wakaniandikia kuuliza kama kumezuka tauni, kwamba wako tayari kuzungumza na madaktari kwa niaba yetu. Niliisoma barua hiyo nikanywa maji, nikahesabu mpaka kumi, na wala haikusaidia.

Nikazitoa fomu zote nikazisoma upya. Mirumbe, kwa kuwa hafanyi kazi nusunusu, alikuwa ameuliza hata jina la kila marehemu. Jumanne ya kwanza ya Agosti, lori la Nicanor, marehemu Truphena wa Uriri. Jumanne ya pili, lori la Nicanor, marehemu Truphena wa Uriri. Jumanne tano, Truphena watano. Truphena wa Uriri ni nyanya yangu, mama wa baba. Tulimzika mwaka wa hamsini na nne, nami mwenyewe nilishika jembe siku ile.

Jumanne iliyofuata niliwasha Land Rover alfajiri, nikapita Asumbi na Rongo bila kusimama hata kwa chai. Mirumbe alinipokea vizuri akanipa kiti. Sikukaa. Kabla sijafungua mdomo lori moja likatokea na matawi mabichi yamefungwa mbele. Mirumbe akavua kofia, boriti ikainuliwa, lori likapita. Likaja la pili, nalo na matawi. Huku kwetu gari likifungwa matawi mabichi mbele, kila mtu anajua limebeba maiti anayerudishwa nyumbani, na hakuna anayesimama mbele ya maiti. Madereva walikuwa wamelielewa jambo hilo upesi kuliko mtu yeyote katika ofisi yangu.

Nilimuuliza Mirumbe kama kweli anaamini watu wanakufa kiasi hicho. Akasema haamini. Nikamuuliza kwa nini basi hatazami ndani.

"Bwana Karani," akaniambia, "mimi Mkuria, na nalala hapa katikati ya Wajaluo. Siku nitakayofunua shuka nikute maiti kweli, nitarudi kwetu kwa miguu ipi?"

Kilichonikera zaidi ni kwamba alisema kweli. Hata mimi ningevua kofia. Tena mimi si Bwana Karani, mimi ni Msimamizi, nimemwambia mara ngapi.

Tukiwa katika hayo, lori la Nicanor likatokea linapanda polepole, matawi mbele, utingo na kabari yake nyuma. Juu ya magunia walikaa wanawake sita wamejifunga leso viunoni, wanalia kilio cha kukata maini. Mirumbe akavua kofia. Mimi nikaenda nikasimama katikati ya barabara. Utingo akaruka, kabari ikaingia, lori likasimama hatua tatu kutoka kifuani kwangu.

Ile sauti iliyokuwa ikiongoza kilio niliijua. Ni sauti iliyoniamsha kwenda shule miaka minane. Mama aliponiona, kilio kikamkatikia katikati ya neno. Wenzake waliendelea kidogo, hasa mdogo wake, mama mdogo Benta, aliyekuwa akiitikia kwa macho yaliyofumbwa. Kisha naye akafumbua, akaniona, akanyamaza.

Nilipanda mwenyewe nikaivuta shuka nyeupe. Chini yake magunia mawili ya njugu yalikuwa yamelazwa kwa urefu na kufungwa vizuri. Hata nyayo walikuwa wamezitengeneza, yawa.

Nikamuuliza mama ni nini hii. Akanijibu kwa Kijaluo, kwa sauti ya kusikiwa na soko zima, kwamba Nicanor hamtozi nauli mwanamke anayejua kulia, na kwamba yeye anajua. Nikamuuliza haoni haya kudanganya serikali kwa jina la nyanya yangu.

"Nimedanganya nini?" akasema. "Nyanya yako hajafa? Ningetaja mtu aliye hai, hapo ndipo ungeniita mchawi."

Askari wawili waligeuka kutazama upande wa pili, mabega yakiwacheza. Mirumbe, kwa heshima yake, alikwenda kwenye usukani akaibonyeza pedali ya breki kwa mkono. Ikaenda mpaka chini, na ikabaki huko huko. Nicanor akaanza kueleza kwamba asubuhi breki ilikuwa nzuri. Nilimwambia asimalize, kwa sababu nilikuwa nimefika mahali ambapo ningeweza kumpiga mtu, nami sina ruhusa hiyo kazini.

Lori likazuiwa pale pale. Nikachukua karatasi, na kwa hasira niliyokuwa nayo nikaandika amri: kuanzia leo kila gari lenye matawi lisimamishwe na maiti afunuliwe, bila kujali ni nani. Nikatia sahihi. Mirumbe akaisoma mara mbili, akaikunja akaiweka mfuko wa kifuani.

Mama alishuka, akajitwisha njugu zake, akaanza kwenda Migori kwa miguu. Nilimkimbilia. Nilimwambia nimefanya hivi kwa ajili yake, kwamba lile lori lingemuua. Alinipita kama anavyopita mti wa simu.

Alininyima maneno wiki saba. Jumapili nikienda nyumbani, chakula nililetewa, lakini akitaka kunisemesha alimtuma jirani: hebu muulize huyo karani kama ameshiba. Mama mdogo Benta, ambaye boma la marehemu mumewe liko chini ya mteremko karibu na mto, alipanda kuja kutupatanisha, akashindwa, akaishia kutucheka sote wawili. Uchungu ulinishika kweli. Nimemwokoa mama kwenye lori bovu, halafu ndiye huyu hanitazami usoni. Nairobi nao walifurahi. Misiba ilishuka kutoka arobaini na mmoja mpaka sita, wakaomba niwachoree mchoro wa kuonyesha mafanikio hayo. Theluji: hakuna.

Mwezi wa Novemba mama mdogo Benta akafa katika hospitali ya Homa Bay. Homa ya siku nne tu.

Ilibidi arudi Uriri azikwe kwa mumewe. Nikaanza kutafuta lori. Dereva wa kwanza aliposikia jina langu alisema ana safari ya Kosele. Wa pili alisema wazi kwamba hawezi kubeba msiba wa mtu anayefunua maiti za wenzake. Wa tatu aliniambia pole sana, breki zake ni mbovu, kisha akapandisha kioo. Siku mbili nilizunguka Homa Bay nzima, na muda wote huo mama alikaa chini nje ya chumba cha maiti, kanga kichwani, hanitazami.

Masharti ya wafadhili yalikuwa wazi. Land Rover ni ya doria peke yake. Ikitumika kwa jambo jingine lolote, inarudi Nairobi na kupewa wilaya nyingine. Nilikuwa nimeyabandika masharti hayo ukutani kwa mkono wangu. Siku ya tatu asubuhi nilikwenda kwenye ua wa ofisi, nikavunja matawi, nikayafunga mbele ya Land Rover. Tukamweka mama mdogo nyuma, jamaa wawili wakakaa naye, mama akakaa mbele karibu yangu.

Hakusema neno mpaka Rongo. Baada ya Rongo pia hakusema.

Uriri tulikuta malori mawili yamesimamishwa, madereva wako chini wanapimiwa, na mmoja wao ni Nicanor, lori lake limetengenezwa. Mirumbe aliiona Land Rover, akaona matawi, akamwona mama. Akavua kofia, akamwashiria askari ainue boriti. Alikuwa ananiheshimu, nami nilishukuru moyoni. Nikashika gia nipite.

Mama akauweka mkono wake juu ya wangu.

"Simama," akasema.

Nikasimama. Akamwita Mirumbe dirishani, akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Sajenti, funua yeye. Ni amri ya mtoto yangu. Kila maiti."

Mirumbe akanitazama. Nilitaka kumwambia aache, nilitaka sana. Karatasi yangu ilikuwa mle mfukoni mwake, bila kujali ni nani, na sahihi yangu chini. Nicanor na mwenzake walikuwa wanatazama. Sikumzuia, basi Mirumbe akazunguka nyuma. Nilimwona kwenye kioo. Aliinua pembe ya shuka kwa vidole viwili, akaona, akaifunika tena na kuichomeka vizuri pande zote kama mtu anayemlaza mtoto. Akarudi dirishani akampa mama pole. Kisha, kwa kuwa hafanyi kazi nusunusu, akatoa kalamu akauliza jina la marehemu.

"Benta," mama akasema. "Hii ni ya kweli."

Hakuna aliyecheka. Nicanor alikuwa ameshika kofia yake mkononi.

Mirumbe aliandika. Boriti ikainuliwa. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, nikaingiza gia ya kwanza, mbele yetu mteremko wote mpaka mtoni, kwani boma la mama mdogo liko huko chini. Mkono wa mama haukuondoka juu ya wangu. Akageuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya wiki saba, akaniuliza kwa lugha yetu, akiniita mwanawe:

"Na breki za hili, wuoda, ulizipima?"

Karibu mwaka mzima nilikuwa nimeliendesha gari lile. Fomu ilikuwa na mstari wa theluji, mstari wa kina cha ukungu, mstari wa rangi ya lori. Mstari wa gari letu wenyewe haukuwapo, nami sikuwahi kuutafuta.

Nikazima injini. Nikashuka, nikamwita Sajenti Mirumbe aje na fomu.