Karanga za Nyumbani

Kwa Alistidia, pale Izigo, karanga huchambuliwa barazani baada ya misa. Nzuri zinaingia kwenye gunia la Najibu, mfanyabiashara wa Bukoba mjini. Zilizonyeshewa zikaota ukungu wa kijani ndizo za nyumbani. Zinatwangwa, zinaungwa kwenye ndizi, na bakuli la kwanza hupewa mkamwana mwenye mimba ili apate nguvu. Huo ndio upendo wa nyumba ile, na ulifaa kutupwa shimoni.

Renatha, mke wa Ildefons mwana wa Alistidia, alikuwa ameharibikiwa na mimba tatu. Ildefons alishasema wazi kwamba na hii ya nne ikitoka, atamrudisha kwao Izimbya.

"Mama," Renatha alimwambia mkwewe, "kliniki wamesema huu ukungu una sumu, inamdhuru mtoto tumboni. Hata ukipika haiishi."

"Moto wangu hauachi kitu," alijibu Alistidia. "Nimezaa saba kwa karanga hizihizi. Kula, waitu mwanangu, usinitie aibu."

Wanne aliowazika hakuwataja.

Renatha alipotia tonge la kwanza mdomoni, mtoto alitoka tumboni. Alikuwa wa miezi mitano. Akatembea hadi mlangoni, akakaa amewapa mgongo mpaka vyombo vikaondolewa, kisha akarudi alikotoka. Kesho yake Alistidia alimtandikia jani la mgomba asikae penye baridi.

Ikawa hivyo kila mlo, na kila alivyorudi alikuwa amepungua.

"Ana maringo," alisema Ildefons, akiramba vidole. "Ya Izimbya hayo."

Renatha aligoma kula. Ildefons akamsimamia hadi bakuli likaisha. Mwanaume mzima, na bado anatumwa na mama yake.

Najibu alipofuata gunia lake, mtoto alikuwa mlangoni. Alinusa, akapanda garini, akakaa juu ya zile karanga safi. Renatha alimwita kwa sauti yake yote. Hakugeuka. Mvua ilikuwa inaanza, kwa hiyo Najibu alimfunika turubai, akaondoa gari.

Miezi ilipotimia, Shamsa, mke wa Najibu, alijifungua mtoto wa kiume, mnene. Mimba aliipokea pamoja na gunia. Alistidia na Renatha walikwenda kumpongeza, kama ilivyo desturi. Mtoto alikuwa na paji la uso la Ildefons, na hakuna aliyebisha.

"Mpakate mwanao, dada," Shamsa alisema, bila choyo. "Ila atanyonya hapa."

Mtoto alinusa vidole vya Renatha, akageuza uso, akalia mpaka alipochukuliwa.

Walipofika Kemondo, njiani kurudi, Renatha alikuwa bado analia.

"Umemwona mwenzako?" Alistidia alimwambia. "Yule ana tumbo la kushika mtoto."

Nyumbani, Ildefons alikuwa ameshafunga nguo za mkewe kwenye kanga na kuziweka nje. Alistidia aliingia jikoni akamfungashia karanga za kula njiani, zile za nyumbani, maana nzuri zilikuwa za watu.

Renatha akazipokea kwa mikono miwili, akashukuru.